"Hana shukrani," wanasema. Nimkate jina?

Shangazi, shikamoo na asalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Tanga mjini, huku Ngamiani. Ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama wa mtaani kwetu. Tulianza kwa kucheza upatu, baadaye tukaona kila Ramadhani tuwakumbuke wajane, wazee na watoto yatima walio karibu yetu. Mwanzo tulikuwa tukichanga wenyewe kwa wenyewe, elfu mbili, elfu tano. Siku hizi wapo ndugu na marafiki wa nje wanaotuunga mkono: wengine wako Maskati, wengine London, mmoja yuko Kanada. Fedha yao ndiyo kubwa.

Ramadhani iliyopita mwenyekiti alitushonesha madira ya sare na akachapisha bango lenye jina la kikundi. Tukapita nyumba kwa nyumba. Kila mfuko ulikuwa na mchele kilo tano, sukari kilo mbili, unga wa ngano, tende na lita moja ya mafuta, na kwa nje tumebandika karatasi yenye jina letu. Kila anayepokea anapigwa picha, maana wafadhili wameshatuambia wazi: bila picha hatutumi.

Tukafika kwa bibi mmoja nitakayemwita Bi Mwalimu, kwa sababu mtaa mzima unamwita hivyo. Alifundisha chekechea miaka mingi. Karibu nusu yetu tulioingia kwake siku ile na bango letu, ndiye aliyetushika mkono tukaandika a, e, i, o, u. Ni mjane, analea mjukuu. Binti yake yuko Maskati, anafanya kazi za ndani. Bi Mwalimu hajawahi kumwomba mtu kitu. Ukimuuliza hali atakwambia, "Alhamdulillahi, mwanangu ananitosheleza." Alipoona simu imeelekezwa kwake akavuta ushungi, ukamfunika mpaka mdomoni. Mwenyekiti akamwambia, "Bi Mwalimu, funua kidogo, tabasamu basi, wafadhili wakuone." Akafunua. Picha ikapigwa, na kabla ya magharibi ilikuwa imeshazagaa kwenye makundi ya WhatsApp.

Siku chache baadaye, usiku baada ya tarawehe, alikuja kwangu na mfuko wetu. Hakuketi. Akasema mwanawe amepiga simu analia. Wenzake wa Tanga walioko hukohuko wamemwonyesha picha ya mama yake anagawiwa sukari, wakamuuliza hela anazotuma huwa zinakwenda wapi. Akaniambia, "Mfuko wenu huo. Hesabu." Alipoondoka nikaufungua. Kila kitu kilikuwamo, ila sukari haikuwa ile. Yetu ilikuwa ya pakiti, na hii ilikuwa ya kupimwa dukani, imefungwa kwenye vifuko vya kaki. Ile yetu alikuwa ameshaitumia, akanunua nyingine.

Tangu hapo akikutana na mwenyekiti njiani, salamu anaijibu kwa ncha ya ulimi. Mimi ananijibu, ila hasimami.

Juzi tumekutana kupanga Ramadhani inayokuja. Orodha ikasomwa, na jina lake lilipofika mwenyekiti akasema, "Huyo mkate. Hana shukrani. Wapo wanaotaka na wanaosema ahsante." Mwingine akatia hadithi ya Mtume, kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Watu wakanyamaza, ikawa kama imepita. Kalamu ninayo mimi na jina sijalikata. Mjukuu wake hucheza na wanangu, kwa hiyo najua kwake wanafuturu nini: uji, na muhogo wa kuchemsha kwa chumvi, bila nazi.

Shangazi, nilikate au nisilikate? Nikisema tuache picha, fedha ya nje itakatika na nyumba nyingine zitaumia kwa ajili ya nyumba moja. Na nikimpelekea mwenyewe kimyakimya, si atanirudishia tena?

Mweka hazina, Tanga

*

Marahaba mwanangu. Waaleikum salaam.

Usilikate. Hilo nimelijibu mwanzo ili moyo wako utulie, mengine tuyazungumze taratibu.

Nianze na hiyo hadithi, maana ndiyo iliyowafunga midomo. Ni hadithi inayojulikana, wameipokea Abu Daud na Tirmidhi, na sina wa kubishana naye hapo. Ila tazama inasema na nani. Inasema na aliyepokea. Bi Mwalimu akikaa peke yake akaikumbuka, imefika mahali pake. Aliyetoa naye ana maneno yake, yako katika Suratul Insan, aya ya 9. Wale wema wanaowalisha maskini, yatima na mfungwa wanasema: tunakulisheni kwa ajili ya Mwenyezi Mungu tu, hatutaki kwenu malipo wala shukrani. Wala shukrani, mwanangu. Wenzako wamechukua fungu la mpokeaji wakamsomea, la kwao wakaliacha ndani ya msahafu. Na bado kuna Suratul Baqara aya ya 264, inayowakataza waumini wasiziharibu sadaka zao kwa masimulizi na maudhi. Sikufanyii darsa, masheikh Tanga wapo wa kutosha. Nakupa hizi kwa sababu kikao chenu kilifungwa kwa hadithi, na sidhani kama kitafunguka kwa maneno ya shangazi peke yake.

Halafu hilo la kutokuwa na shukrani mimi hata silioni. Habari ya ile sukari umeiandika ukaipita haraka, mimi imenikalisha. Asiye na shukrani angekula sukari yenu, akanyamaza, akasubiri mfuko wa mwaka unaofuata. Au angewarudishia kilichobaki, liwalo na liwe. Huyu alikwenda dukani akatoa fedha ambayo mimi na wewe tunajua hana, pengine ya kukopa, akapimiwa kilo mbili ili mfuko urudi umetimia. Kisha akamwambia mwanafunzi wake wa zamani ahesabu. Wewe ni mweka hazina. Katika wote uliowahi kuwaandika kwenye daftari lako, yupo mwenye hesabu safi kuliko huyo?

Sasa tazama picha ile ilifichua nini. Mtaani hapo hali ya Bi Mwalimu inajulikana, hata watoto wanajua kwake kunafuturiwa nini. Siri haikuwa ya mtaa. Asiyejua alikuwa binti. "Mwanangu ananitosheleza" wenzako wameisikia kama majivuno, mimi naisikia vingine. Yule binti yuko katika nyumba ya watu, anafua na kupika, na anachopata anakituma. Mama akaamua asimwambie kwamba hakitoshi, ili mtoto asilale na mawazo katika nchi isiyo yake. Picha yenu ndiyo iliyomwambia. Tena ikamwambia kupitia vinywa vya wenzake, kwa hilo swali la hela zinakwenda wapi, linalomfanya mama aonekane mfujaji na binti aonekane hajali. Mimi ningekuwa yeye, hata hiyo ncha ya ulimi nisingeitoa.

Kwa hiyo nenda kwake kabla mwezi haujaandama, na uende mikono mitupu. Najua tulivyolelewa, kwa mtu mzima huendi bila kifurushi cha sukari. Safari hii sukari iache. Kabla hujatoka hakikisha picha imefutwa kwenye simu ya mwenyekiti, na walio katika kila kundi ilikopelekwa waombwe waifute. Walioihifadhi kwenye simu zao huwezi kuwafikia wote, lakini wale wa kikundi unaweza, na uwaombe mmoja mmoja. Ukifika, mwombe radhi. Usimtetee mwenyekiti, usianze habari za wafadhili, na lile neno "hatukukusudia" limeze. Mwambie picha mmeifuta kwenye simu zenu. Kisha muulize kama ataridhia umwandikie binti yake ujumbe mfupi, kwamba kikundi kilipita nyumba zote za wazee wa mtaa, na mama yake hakwenda kumwomba mtu. Ni kweli, na naamini ndiyo kitu kitakachompoza yule msichana. Akikataa usimwandikie.

Akikukaribisha chai, kunywa. Hapo sasa na wewe umwombe jambo. Nyinyi mnapita kwa wanaojulikana, wale ambao majina yao yako kila orodha, ya msikiti, ya serikali ya mtaa, ya kwenu. Qur'ani inawataja pia wale ambao asiyewajua huwadhania wana mali kwa jinsi wanavyojizuia kuomba, Baqara hiyohiyo, aya ya 273. Hao mnawapataje kwa bango? Mwalimu wa chekechea anawajua. Anajua mtoto gani alikuwa akija darasani bila chai, na leo huyo mtoto ni baba mwenye watoto wake katika chumba kilekile. Muulize akutajie nyumba mlizoziruka. Usimuulize ili kumfurahisha tu, muulize kwa sababu mnahitaji jibu. Na huenda asikutajie hata moja, akaona utawapeleka wenzako na simu zao. Atakuwa na haki.

Umeuliza kama atakurudishia ukimpelekea kimyakimya. Inategemea unapeleka nini na kwa njia gani. Mfuko mkubwa usiku utarudi, tena bora urudi. Lakini bakuli la futari je? Huko Ngamiani watu si bado wanapelekeana sahani kabla ya magharibi? Pika muhogo wa nazi, au tambi, au magimbi, chochote mnachofuturu wenyewe. Tia kwenye bakuli, funika kwa kawa, mpe mwanao yule anayecheza na mjukuu wake. Leo mpeleke, kesho usipeleke, keshokutwa peleka. Ni ujirani, haina orodha. Na bakuli likirudi na kitu ndani, hata embe moja, hata maandazi mawili, lipokee kwa furaha ule. Ole wako useme, "Bi Mwalimu ungeacha tu." Hapo utakuwa umemfungia mlango uleule uliokuwa unataka aufungue.

Na fitri, ile zaka ya chakula inayotolewa kwa ajili ya Idi, hivyohivyo. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, fitri humlazimu hata maskini, maadamu ana ziada ya chakula cha usiku na mchana wa Idi kwa nafsi yake na anaowalea. Ndiyo maana usiku wa kuamkia Idi unaona pishi ya mchele imetoka nyumba hii inakwenda ile, na nyingine inatoka ile inakuja hii, na hakuna anayeona ajabu. Pishi ni vibaba vinne, kama kilo mbili na nusu, na wengi hupima tatu kwa kujihadhari, kwa kila mtu wa nyumbani. Sheikh wenu atawaambia kwamba kwa Mashafii inajuzu kuitoa tangu Ramadhani inapoingia, ingawa bora ni siku ya Idi kabla ya swala. Basi fitri ya nyumba yako ielekeze kwa Bi Mwalimu. Ukichukua kichwa cha kila mmoja wenu hapo nyumbani, si mchele mdogo huo. Haipiti kwenye kikundi, haihitaji dira la sare, na yeye naye ataipima ya kwake aipeleke anakokujua. Wala usimuulize ameipeleka wapi.

Tuje kwa wafadhili, na hao sitawatukana. Mtu anasafisha ofisi za watu London usiku kucha, anatuma paundi zake, halafu anasikia zimenunua bati la nyumba ya katibu. Yametokea sana, kwa hiyo wana haki ya kuuliza. Ila tujiulize wanataka kujua nini hasa. Wanataka kujua fedha imenunua kilichosemwa, na kilichonunuliwa kimewafikia wenye shida. Uso wa Bi Mwalimu haujibu hata moja. Uso hauonyeshi kama mchele ulikuwa kilo tano au tatu. Hauonyeshi kama mifuko mingine kumi imeishia uani kwa mwenyekiti, Mungu apishe mbali.

Watumie risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ya duka mliponunua, kiasi na tarehe vinasomeka. Piga picha magunia yakiwa sakafuni kabla hamjaanza kupima, kisha mifuko ikiwa imepangwa. Orodha ya nyumba iwe kwa namba, majina yabaki kwenye daftari lako ndani ya kabati. Isainiwe na watu wawili wasio viongozi, mmoja awe imamu au mjumbe wa mtaa. Na hao wa nje wote wana ndugu hapo Tanga, sivyo? Mjomba wa yule wa Kanada aje siku ya kufunga mifuko, ahesabu mwenyewe, anywe kahawa, ampigie mpwa wake. Huo ni ushahidi kuliko picha elfu. Mkitaka kupigana picha, pigeni nyinyi mkiwa mnapima mchele na madira yenu, sina neno. Sadaka ya dhahiri haikukatazwa, Baqara aya ya 271 inasema mkizidhihirisha ni vizuri, na mkizificha mkawapa mafakiri ni bora zaidi. Mtoaji akitaka kujulikana ni shauri lake. Aliyepokea hakuulizwa.

Karatasi ya jina la kikundi iondoeni kwenye mfuko. Huo mfuko utarudi sokoni kununulia dagaa mwaka mzima.

Watoto yatima mmewataja juujuu tu, lakini nawajua watu wa bango. Najua mnawapanga mstari, kila mmoja na boksi lake la juisi. Hapo msijadiliane hata kidogo: msipige. Mtu mzima kama Bi Mwalimu aliweza angalau kuvuta ushungi. Mtoto wa miaka saba akiambiwa tabasamu atatabasamu, na picha itamngoja mpaka awe mwanafunzi wa sekondari. Isitoshe Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ina tume yake. Sikutishi kwamba watakuja Ngamiani na pingu, ila ukiwa na mwanachama mbishi asiyesikia aya wala hadithi, huenda hiyo akaisikia.

Kuna njia nyingine ya kufikiria, kama mna duka moja mnaloliamini. Nunueni kwa huyo mwenye duka wenu kwa jumla, mwachieni fedha na namba za nyumba, kila nyumba na kiwango chake. Mwenye nyumba anakwenda kwa wakati wake kama mteja mwingine yeyote, anachukua anachokosa. Mwingine mchele anao, hana mkaa wa kuupikia. Mwingine anataka sabuni na maziwa ya mtoto. Mwenye duka awe mtu wa siri, vinginevyo mtakuwa mmehamisha bango tu.

Kuhusu mwenyekiti, usimvae mbele ya wanachama. Amehangaika sana na kikundi, na yeye naye ana haya zake. Mfuate nyumbani, mkiwa wawili, umweleze habari ya sukari ya vifuko vya kaki, maana nahisi haijui. Wewe ndiye uliyefungua mfuko. Mwambie hivyo tu, bila kuongeza chumvi, umwache alale nayo. Kikao kijacho omba suala la orodha lirudi, na uulize kwa sauti: jina linaingia humu kwa sababu gani? Wakisema kwa sababu ya uhitaji, basi na kutoka litoke uhitaji ukiisha. Salamu za njiani hazimo. Wakipiga kura na bado wakamtoa, andika katika kumbukumbu za kikao kwamba hukuafiki, na bakuli la futari liendelee kwenda. Hilo halina mwenyekiti.

Ujumbe wa wafadhili uupeleke mapema, Shaabani haijaisha, kabla hawajatuma. Mfupi, usio na vitisho wala kuomba radhi. Unaweza kuandika hivi: "Asalaam aleikum. Mwaka huu hatutatuma picha za wanaopokea. Tutakutumieni risiti, picha za bidhaa zote, na hesabu iliyosainiwa na imamu wa msikiti. Ukipenda, taja ndugu yako aliye Tanga aje ashuhudie siku ya kufunga mifuko. Tafadhali tuambie pia kama fedha yako ni zaka, fitri au sadaka, ili kila moja iende kwa anayeistahiki."

Hiyo sentensi ya mwisho usiiache. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa, Suratut Tawba aya ya 60, na wewe ndiye utakayeulizwa kama uliichanganya na ya kununulia bango.

Mmoja wao akisisitiza kwamba bila picha hatumi, mshukuru kwa aliyotuma miaka iliyopita na uendelee na waliobaki. Mtapima kilo nne badala ya tano. Wa Maskati usiwe na wasiwasi nao, picha ile ilitembea kwao na bila shaka maneno yake wameyasikia. Waandikie wao kwanza.